Popoo ya Bi Mdomo Mwekundu

Murongo, 22 Aprili 2024

Bi Mdomo Mwekundu wangu,

Shikamoo. Pokea na ya pili kabisa, maana najua ukifika katikati ya barua hii utairudisha ya kwanza. Mimi mzima, duka zima, Hanifu wangu mzima na anakuamkia. Mvua imeifanya barabara ya mpakani kuwa uji, malori yamelala, vijana wa bodaboda wamevaa mifuko ya nailoni miguuni. Mguu wako unaendeleaje? Na jirani yako Anatolia na ng'ombe wake? Jibu la mguu kwanza, Anatolia atasubiri.

Sasa kaa chini. Kopo lako Yustus alinifikishia, na leo analirudisha na Hiace yake kama kawaida. Ndani kuna sukari, sabuni, majani ya chai. Popoo zako za kutafuna hakuna. Sijasahau, Bibi. Popoo zipo hapa dukani, mzigo umeingia kutoka Kampala, kavu, ukizigonga zinalia. Nimekunyima kwa makusudi.

Usiichane barua, subiri nikueleze.

Siku ya Idd nilipokuvua viatu, kidole changu kilizama kwenye mguu wako kikaacha shimo, na shimo likabaki pale pale linanitazama. Ukasema ni kukaa sana mkekani. Tumbo lako limejaa huku mikono imekwisha, ukasema ni pilau. Macho yako ya manjano, ukasema ni taa. Bibi, ile taa ya sola ni nyeupe kama maziwa ya Anatolia.

Nikarudi huku nikashindwa hata kupima sukari ya wateja. Ndipo nikamvaa Deodatha, tabibu wa zahanati, alipokuja kununua mafuta. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Bibi anakunywa pombe?" Nikamwambia bibi yangu akipita karibu na rubisi anaziba pua. Akafikiri, akauliza, "Basi anatafuna nini?" Nikaziba mdomo kwa kiganja, maana na mimi nilikuwa nayo, nimeibana shavuni.

Akasema popoo haiishii kwenye meno. Utafiti umefanywa huko nchi wanakotafuna sana, wakaona mtu aliyetafuna kila siku kwa miaka, ini lake linaota makovu mara nyingi kuliko la asiyetafuna, wengine hata saratani. Na akiwa na virusi vya homa ya ini juu yake, ndiyo mbaya zaidi. Nikabisha. Nikaenda kusoma mwenyewe kwenye simu, unanijua, nilisoma mpaka wateja wakajihudumia. Nikarudi kwake na maswali mengi, akanijibu yote huku anacheka.

Yaani Bibi, nilivyoelewa mimi ni hivi. Ini ni forodha. Kila kinachoingia mwilini lazima kipite pale, kifunguliwe, kikaguliwe, kibaya kizuiwe, kizuri kiruhusiwe. Sasa popoo ni kama lori linalogonga geti kila siku. Geti linazibwa kwa saruji, kesho linagongwa tena, linazibwa tena. Mwisho geti lote linakuwa saruji na hakuna kinachopita. Hayo ndiyo makovu.

Naomba mambo mawili. Uache popoo, na uende hospitali wakachukue damu. Ningekupigia simu, lakini kuongea na wewe kwenye simu ni kama kuupigia kelele mparachichi.

Mke mwenzio mdogo,
Shadya


Chonyonyo, 29 Aprili 2024

Kwa mke mwenzangu mwenye kiherehere,

Salaam aleikum. Marahaba ya kwanza nimeirudisha kama ulivyosema. Ya pili nimeiweka, tutaona.

Mguu upo, unanipeleka shambani na kunirudisha. Anatolia mzima, ng'ombe wake kazaa dume tena, amenuna kana kwamba mimi ndiye nimemzalisha. Mvua huku nzuri, kahawa imeshika, wekundu utaanza kuonekana si muda.

Nilifungua kopo mbele za watu. Nilikuwa na wageni kutoka msikitini, nimeshachuma majani, nimeshaandaa chokaa, nimekaa na mkasi wangu wa popoo mkononi kama fundi cherehani. Nafungua, naona sabuni. Mjukuu gani anamwaibisha bibi yake kwa sabuni?

Shadya, mimi Mwaja nilifika huku mume wetu Othman, Mungu amrehemu, aliponileta kutoka Pangani alipokuja kununua kahawa. Nilibeba msahafu, kisahani changu cha shaba, na kipande cha mtambuu nimekifunga kwenye kitambaa chenye maji. Nikakipanda chini ya mparachichi, na mpaka leo kinatambaa. Sikujua neno moja la Kinyambo. Anatolia akaja kunichungulia mwali wa pwani, akanikuta natema mate uani. Alikimbia mpaka kwao anapiga mayowe kwamba mke wa Othman anatapika damu. Wakaja wanaume na machela ya kunibeba. Ndivyo tulivyojuana. Leo ni mtu wangu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na kila akiniona natema anasema, "Jamani waitu, mgonjwa wetu bado anaishi."

Sasa unataka niache kitu kilichoniletea watu?

Na wewe unaolewa. Kwetu bibi ndiye anayemkunjia bi harusi tambuu ya kwanza, anaigawa, nusu anamlisha mwali, nusu anakula yeye. Bibi yangu alinifanyia hivyo. Nikuoze kwa sabuni?

Hospitali nitakwenda tukishavuna. Mwambie huyo Deodatha asiniue kabla ya kahawa yangu kukauka.

Mke mkubwa mwenye nyumba,
Bibi Mwaja


Murongo, 6 Mei 2024

Bi Mdomo Mwekundu mwenye hasira,

Shikamoo, hii usiirudishe, ina heshima zote. Huku tu wazima. Hanifu ameshamaliza kuezeka nyumba yetu, amepaka rangi ya kijani ambayo sikuichagua. Unaumwa kichwa? Unalala? Nauliza kweli, maana kuacha popoo si mchezo. Nasema hivyo kwa sababu na mimi nimeacha.

Ndiyo, mimi. Uliyenifundisha kukunja jani kabla sijajua kufunga kilemba. Siku za kwanza nilikuwa mkali mpaka Hanifu akaniuliza kama bado tunaoana. Kichwa kinagonga, mdomo unatafuta kitu, nimetafuna kifuniko cha kalamu mpaka kimekwisha. Sasa nafuu. Mate yangu meupe, najiona mgeni nikitema. Na dukani nimezitoa popoo zote kwenye rafu. Vijana wa bodaboda wananipita kama ukuta.

Kopo la leo lina kitu, usilitupe. Ni akamwani. Kahawa hizo za kwenu huko, zimechemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa na maganda yake. Nimeshangaa, Bibi, umekaa na Wanyambo maisha yako yote, kila nyumba ukiingia wanakuwekea akamwani kwenye kikapu kidogo, unachukua moja kwa adabu unaificha kwenye upindo wa khanga. Nimekuona tangu mtoto. Sasa hii usiifiche. Mdomo ukitafuta kazi, upe hiyo. Deodatha kasema kahawa haina shida na ini.

Tupatane basi. Harusi tumeisogeza mpaka Agosti, kahawa ikishauzwa. Ukikaa bila popoo mpaka hapo, mimi nitavaa lile gauni la zambarau unalolitaka wewe, lenye mikono kama maboga. Hanifu ameshaambiwa, ameinamisha kichwa.

Lakini hospitali usingoje kahawa. Nakuomba.

Mke mdogo anayekupenda kuliko mume wetu alivyokupenda,
Shadya


Chonyonyo, 27 Mei 2024

Kwa Shadya, mke mwenzangu mshindi,

Salaam aleikum. Nipo, namshukuru Mungu. Mguu ule ule. Anatolia yupo hapa pembeni ananiambia niandike kwamba amekusalimia, na dume lake limeanza kupigana na ndoo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na vita. Siku zile za mwanzo nilikutukana, nakwambia ukweli. Nikachuma jani, nikalipaka chokaa, nikalikunja tupu, nikatafuna. Ni kama kuoana na kivuli. Nikalitema. Anatolia akasema, "Mwaja, we mtu mzima unalilia mbegu?" Akachukua kikapu chake, akakaa na mimi barazani, yeye akamwani yake, mimi yangu. Chungu ile, halafu inageuka tamu kwa nyuma, halafu moyo unachangamka. Sasa naizoea. Asubuhi tunakaa tunatafuna wawili kama vikongwe wa Kinyambo.

Na nina habari ya kukufurahisha wewe na tabibu wako. Uchafu unatoka. Popoo sijagusa tangu barua yako, lakini wiki hii nimekuwa natema nyekundu tena, asubuhi tumbo likichafuka, na nyingine nyeusi nyeusi kama machicha ya kahawa. Nilishtuka, Anatolia akanituliza. Anasema popoo ya miaka yote ilikuwa imejificha mwilini, sasa akamwani inaisukuma nje. Anasema hata ng'ombe ukimbadilishia majani hutoa ya zamani kwanza. Na choo nacho kimekuwa cheusi kama lami, hiyo ni kahawa bila shaka. Nguvu zimepungua kidogo, kizunguzungu nikiinuka, lakini ni haki yake, mwili unafanya usafi.

Kwa hiyo kata lile gauni. Mikono kama maboga, usinidanganye.

Tumeanza kuchuma. Matawi yameinama.

Mke mkubwa, msafi kama mwali,
Bibi Mwaja


Murongo, 3 Juni 2024

Bibi,

Hii haina salamu. Barua yako nimeikuta dukani sasa hivi, nilikuwa Mbarara kununua mzigo. Nimempigia Anatolia, simu yake imezimwa. Kwa hiyo barua hii anakuletea Novatus, dereva jirani yangu, na gari yake, na gari hiyo haiji kushusha barua tu.

Hiyo si popoo. Popoo haikai mwilini ikingoja kusukumwa. Mimi nilipoacha, mate yangu yalikuwa meupe kesho yake. Wekundu unataka popoo na jani na chokaa mdomoni saa hiyo hiyo, na wewe huna. Akamwani haitoi nyekundu.

Unatapika damu, Bibi. Nyeusi kama machicha ni damu. Choo cha lami ni damu. Deodatha amesimama hapa ubavuni kwangu, amesoma barua yako, amebadilika sura. Ameshawapigia hospitali wakungoje.

Mwambie Anatolia siku ile ya kwanza alikuwa sahihi kukimbia. Akimbie tena. Aje na wewe kwenye gari. Usioge, usibadilishe khanga, usipike chochote cha njiani. Acha kahawa ianguke.

Mimi nakwenda moja kwa moja hospitali kukuandalia kitanda, nitawapokea huko.

Shadya


Mwanza, 21 Juni 2024

Kwa mjukuu wangu Shadya, mboni yangu,

Salaam aleikum warahmatullah. Naandika nimelala kwenye hospitali hii kubwa waliyonihamishia, ndiyo maana herufi zinapanda mlima. Ulipoondoka Jumapili nilijifanya nimelala ili usilie. Nilikuona ukilia hata hivyo.

Nina nafuu. Wali wa hapa hauna chumvi, nyama haina chumvi, hata daktari nadhani hana chumvi. Anatolia analala chini ya kitanda changu na haogopi mtu. Ameshagombana na mlinzi, ameshamfundisha muuguzi kusalimia Kinyambo. Jana alipanda ngazi kutazama ziwa akarudi akasema, "Maji mengi namna hii, na wanatuuzia ya chupa."

Niandike alichoniambia daktari, maana ulipokuwepo uliuliza wewe tu, mimi sikupata nafasi. Nilimwambia mjukuu wangu anasema ini ni forodha na geti langu limekuwa saruji. Akaweka kalamu chini. Akasema hata yeye hajawahi kulieleza vizuri hivyo. Nikamuuliza, basi damu ilitoka wapi? Akaniuliza, "Bibi, kule mpakani Murongo, geti likifungwa, mizigo inakwenda wapi?" Nikamwambia inapita njia za panya, kila mtu anajua. Akasema ndivyo. Damu inafika kwenye ini, inakuta saruji, inageuka kutafuta njia za panya. Inapita kwenye vimishipa vidogo vya kooni ambavyo havikujengwa kwa malori. Vinavimba, vinapasuka. Wamenishushia mdomoni mpira wenye taa, wamevifunga vile vimishipa kwa vipete. Watavifunga tena.

Nikamuuliza, ni popoo? Akasema hawezi kusema ni popoo peke yake, kwa sababu damu yangu imekutwa pia na virusi vya homa ya ini, ile ya B, pengine nimekaa navyo tangu msichana. Lakini akasema virusi na popoo ya kila siku ni majambazi wawili kwenye nyumba moja, wanasaidiana. Saruji iliyopo haitoki. Kinachoweza kufanyika ni kuzuia isiongezeke. Popoo nisiionje tena. Na wote wa damu yangu, na anayekuoa, mkapime.

Shadya, nenda ukapime. Usinifanyie kiherehere kwa wengine halafu wewe ukajificha nyuma ya kaunta.

Anatolia analia kimya kimya tangu tulipofika. Anasema miaka yote alinitania ninatapika damu, na siku nilipotapika kweli akanipongeza. Nimemwambia hata mimi mwenyewe mdomo ni wangu na sikujua. Mwandikie neno. Wewe akikusikia atapona.

Bibi yako,
Mwaja


Murongo, 15 Julai 2024

Bi Mdomo Mweupe wangu,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimempa Yustus soda bure niliposikia mmefika Chonyonyo salama. Chumvi bado hawajakurudishia? Vidonge unameza? Anatolia nimemwandikia barua yake peke yake, mwambie asiikatae, nimeweka na kitenge. Hakukosea zaidi yetu. Wote tulizoea kukuona mwekundu.

Nimepima. Nakuandikia mwenyewe usije ukasikia kwa Yustus.

Ninavyo. Virusi vile vile. Deodatha anasema wengi walio navyo huku walivipata wakizaliwa, mama kampa mtoto bila kujua, na huyo mama naye alipewa. Yaani vimeshuka kwako kwenda kwa mama yangu marehemu, kwa mama kuja kwangu, kama vile hereni. Usianze kujilaumu kwenye mkeka, nakujua. Hakuna aliyejua.

Ini langu bado zima. Nimepigwa picha, laini kabisa, geti linafunguka na kufungwa. Nitapimwa kila baada ya miezi sita maisha yangu yote, dawa pengine baadaye. Hanifu hana, ameshaanza chanjo. Nilimwambia siku hiyo hiyo, nikamwambia kama anataka kurudisha mahari na rangi yake ya kijani aseme. Akanijibu, "Rangi nimeshainunua." Basi nikacheka na kulia pamoja, wateja wakatoka nje.

Kitu kimoja amekikazia Deodatha, hakutaka hata mzaha. Popoo kwangu mimi ni marufuku, hata moja, hata ya sherehe. Amesema moja haiui, lakini yeye hajawahi kuona mtu wa moja.

Mke mwenzio mwenye gauni la maboga,
Shadya


Chonyonyo, 15 Julai 2024

Kwa Shadya, bi harusi,

Salaam aleikum. Niko barazani, jua zuri, kahawa zimeanikwa kwenye uwanja wote, kuku wanafukuzwa na Anatolia kwa fimbo na kwa maneno. Tumbo limepungua. Vidonge nameza, vingi kuliko punje za mahindi.

Nina neno, na nitaliandika haraka kabla sijaona haya. Nimekaa bila popoo kama ulivyotaka. Nimeshika ahadi. Lakini harusi yako ni moja, na mimi sijui kama nitaona nyingine ya mtu yeyote. Nataka siku hiyo nikunje tambuu moja. Moja tu, Shadya, ndogo, jani kutoka mtambuu wangu, chokaa kidogo, popoo kipande. Nigawe. Nusu yako, nusu yangu, kama bibi yangu alivyofanya. Kisahani nimekisugua kwa limau mpaka kinanionyesha sura yangu, na sikuipenda.

Popoo uje nayo wewe. Mimi sina tena.

Mke mkubwa,
Bibi Mwaja


Chonyonyo, 2 Agosti 2024

Kwa mtoto wa mtoto wangu,

Barua zetu zilipishana njiani. Yustus alinishushia yako akaondoka na yangu, ungefikiri zimepeana mikono. Nilipoisoma yako nilimwambia Anatolia afukuze kuku, nikaingia ndani.

Sijambo. Nimejilaumu kidogo mkekani ingawa umenikataza, kisha nimeacha.

Ile nusu yako naiondoa. Sikuiandika, haikuwepo. Ningekukatia popoo kwa mkasi wangu na kukuwekea mdomoni kwa vidole hivi, siku ya furaha yako, na watu wakapiga vigelegele. Mungu kaniepusha kwa kuniletea barua yako kabla ya harusi. Wewe nitakukunjia jani na akamwani ndani. Nimejaribu jana na Anatolia. Ni kitu cha ajabu, lakini mdomo hauharibiki. Anatolia amesema wazee wao zamani wakitaka kula udugu waligawana kahawa moja, kwa sababu ganda moja lina punje mbili, kila mtu na yake. Basi hiyo itakuwa yako, na punje ya pili apewe Hanifu.

Lakini nusu yangu bado naiomba.

Nisikilize, usiruke. Langu limeshakuwa saruji. Daktari wa Mwanza aliniambia kweli nilipomuuliza tukiwa wawili, na wewe ulikuwa umekwenda kununua uji. Hakuna ajuaye nina mwaka au nina mitano. Mimi nimeacha, nimeweza, sihitaji mtu kunisifu. Ila siku ya harusi ya mtoto niliyemlea, mbele ya kisahani changu, nikiwa nimevaa vizuri, nataka mdomo wangu uwe mwekundu kwa furaha mara moja, si kwa ile nyingine. Sitaki watu wanikumbuke mwekundu wa kwenye beseni.

Najua unazo. Dukani ulizitoa kwenye rafu, hukusema ulizitupa.

Bibi yako anayekuomba,
Mwaja


Murongo, 22 Agosti 2024

Bi Mdomo wangu, mwekundu, mweupe, wowote ule,

Shikamoo, na ya pili, na zote zilizobaki. Natumaini umeamka salama, mguu umeingia kwenye kiatu kipya, na Anatolia amekubali kuacha ng'ombe kwa siku mbili. Barua hii nimempa Yustus akupe ukishakaa kiti cha mbele, kwa hiyo unaisoma ukiwa unakuja kwangu. Mwambie aendeshe taratibu.

Huku kumejaa watu. Nyama imefika, ndizi zimefika, shangazi zake Hanifu wanaosha mchele wakinisema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka forodhani. Gauni limekwisha. Nikiinua mikono naonekana kama naondoka ardhini. Hanifu ameliona akasema ni zuri, na masikio yake yakawa mekundu.

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Ni kweli, sikuzitupa zote. Nyingi nilizichoma nyuma ya duka. Moja nimeibakiza, ile nzuri kuliko zote, ndogo, nzito, sijui kwa nini. Labda mkono ulijua utaiomba. Imekaa ndani ya kopo lako la zamani, na kopo liko hapa mezani mbele yangu ninavyoandika.

Deodatha alipokuja dukani kununua mafuta nilimwuliza. Nilitaka aseme hapana, nikuletee hapana yake, niwe sina kosa. Akasema, "Kama tabibu nakwambia usimpe, vile vimishipa bado havijakaa sawa na ini lake halina akiba. Kama mjukuu wa mtu, sikwambii kitu." Akaondoka na mafuta yake, hakungoja chenji.

Hanifu anasema nikupe, ni haki yako, mwili ni wako. Nikifikiria uso wako na kisahani mbele yako na mkasi mkononi, namkubalia. Halafu nakumbuka ile Probox ya Novatus, naona nilivyofungua mlango pale hospitali, khanga yako ya kijani haikuwa ya kijani tena, na Anatolia amekushika kichwa anakuita jina lako bila kukoma. Nikikumbuka hapo nataka nichukue kopo nikalitupe mtoni Kagera, Uganda wakaliokote.

Yaani nikikupa, nimekupelekea lori kwenye geti lenye nyufa, kwa mkono wangu huu ambao miaka yote ulikupakilia kopo kwa upendo. Nikikunyima, umenilea, umeniomba kitu kimoja cha ukubwa wa jicho la mbuzi, nami nimekufungia. Na wewe huwezi kuiba, maana kopo ninalo mimi. Umeniachia mimi.

Majani yako yatakuwa mezani, chokaa itakuwa mezani, akamwani ya Anatolia itakuwa kwenye kikapu chake. Nafasi ya katikati ya kisahani bado iko wazi.

Basi hebu badilisha nafasi na mimi, kwa muda wa safari tu, mpaka Yustus apige honi hapa mlangoni. Uwe wewe ndiye Shadya, umevaa maboga, una kopo mkononi. Na anayeshuka kwenye gari, anashikwa mkono na Anatolia, anakutafuta kwa macho, ni bibi yako.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Mke mwenzio,
Shadya